Koili Huchemka, Mchanga Ndio Mlaji

Magari meupe ya mashirika ya misaada yanayotoka Garissa kwenda Dadaab yana alama ambayo watoto wa njiani huitambua kabla hawajasoma nembo ya mlangoni: fimbo ndefu iliyosimama kwenye bampa ya mbele, nene chini, nyembamba juu, ikinesanesa kila gari linapoingia shimoni. Wengi hudhani fimbo ndiyo redio. Ajabu yenyewe imo katika lile shina nene, ambamo mna koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi. Na katika mji kama Garissa, ambako kipimajoto hukaribia au kupita nyuzi 35 kivulini kwa miezi mingi ya mwaka, koili ya redio ina maisha magumu kuliko ndugu yake iliyofungwa London au hata Limuru.

Redio ya mawimbi mafupi ina historia nzito Kaskazini Mashariki. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilifunguliwa kati ya 1991 na 1992, Wasomali walipokuwa wakikimbia vita, na simu ya kawaida ilikuwa ndoto. Kilichowaunganisha na waliobaki nyuma ni taar. Neno hilo Wasomali wamelipata kutoka Uhindini, ambako maana yake ni waya, kwa hiyo ni jina la kuchekesha kidogo kwa simu ya upepo. Mtu alifika kwenye kibanda, mwendeshaji akaita kituo cha upande wa pili, huko mtu akatumwa kumtafuta ndugu, na saa ya kuzungumza ikapangwa. Aliyekuwa na redio kwenye masafa hayo alisikia kila kitu, hivyo siri haikuwapo. Mtafiti Cindy Horst, aliyefanya kazi kambini humo mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, ameeleza katika kitabu chake cha 2006 jinsi taar na xawilaad zilivyokwenda sambamba, moja ikibeba habari na nyingine ikibeba pesa.

Taar haikuwa redio ya ridhaa. Redio ya ridhaa hairuhusiwi kufanya biashara ya ujumbe wa watu, na vituo vingi vya taar havikuwa na leseni. Lakini koili haina habari na leseni. Sheria za umeme zilizomtawala mwendeshaji wa taar ndizo zinazomtawala mwendesha redio wa ridhaa wa Kenya, mwenye ishara ya wito inayoanza na 5Z4, anayetaka kujaribu masafa ya chini kabisa leo. Ndiyo maana naanza na gari.

Fimbo ya gari ina urefu wa mita 3 hivi. Wimbi la megahezi 3.9, masafa yanayofaa usiku kwa safari ya Dadaab hadi Kismayu, lina urefu wa mita 77. Fimbo ni fupi mno mbele ya wimbi, kama kijiko mbele ya sufuria ya harusi. Antena fupi namna hiyo hufanya kazi kama kapasita ndogo, kama pikofaradi 33, na umeme hauingii kwake bila kusukumwa. Koili iliyoko kwenye shina ndiyo inayousukuma: riaktansi yake, yaani upinzani wake kwa mkondo unaogeukageuka, omu 1,240 hivi, hufuta ile ya kapasita, na mkondo ukapita.

Sasa tuhesabu nani anakula nini. Ukinzani unaotoa mawimbi, yaani ule tunaoutaka, ni omu 0.6 tu. Mafundi hupima ubora wa koili kwa namba iitwayo Q: gawanya riaktansi kwa ukinzani unaopoteza. Koili ya Q 200, ambayo si mbaya hata kidogo, ina ukinzani wa kupoteza wa omu 6.2. Bodi ya gari pamoja na ardhi iliyo chini yake nazikadiria omu 10. Ukitia wati 100, koili itageuza wati 37 kuwa joto, ardhi na bodi zitakula karibu 60, na hewani zitakwenda wati 3.6.

Wati 37 ndani ya shina lililofungwa ni kama kuweka humo balbu ya zamani ya chumba cha kulala na kuiacha ikiwaka chini ya jua. Kinachoiokoa koili ya gari ni tabia ya maongezi. Sauti ya mtu hupanda na kushuka, na baada ya sentensi mbili huachia kitufe asikilize. Kwa wastani joto hushuka hadi robo au pungufu. Mwambie dereva huyo huyo atume ishara za data mfululizo kwa dakika 10, halafu ulinuse shina.

Fundi anayeanza akiona hesabu hii hukimbilia koili: waya mnene zaidi, Q 400 badala ya 200. Sawa, afanye. Ukinzani wa koili utashuka hadi omu 3.1, na wati za hewani zitapanda kutoka 3.6 hadi 4.4. Anayesikiliza Kismayu hatatambua tofauti. Lakini akiongeza urefu wa fimbo mara mbili, ukinzani wa kutoa mawimbi unakuwa mara nne, koili inayohitajika inapungua karibu nusu, na wati za hewani zinapita 15. Urefu wa waya unashinda ubora wa koili mchana kweupe.

Kituo cha kudumu kinaweza kufanya lile ambalo gari haliwezi. Waya wa mita 20 uliokatwa katikati na kutundikwa kati ya miti miwili, au kati ya mti na nguzo ya bati la kibanda, unaafikiana wenyewe na megahezi 7 bila koili yoyote. Hauhitaji hata kwenda juu sana. Kutoka Dadaab hadi Kismayu ni kilomita 250 hivi, Nairobi zaidi ya 400, Mogadishu karibu 600. Kwa umbali huo mawimbi yanataka kurushwa kuelekea utosini yakagonge tabaka la juu la angahewa na kurudi, na waya wa chini hufanya hivyo vizuri. Mwenye kibanda anayetundika waya kamili humpita mwenye gari la mamilioni mara nyingi kwa nguvu ile ile ya wati 100. Koili bora ni ile usiyohitaji kuifunga.

Ukishuka chini ya megahezi 1, ujanja huo unakwisha. Waendesha redio wa ridhaa duniani walipewa na ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, ukanda wa kilohezi 135.7 hadi 137.8 katika mkutano wa 2007, kisha kilohezi 472 hadi 479 katika mkutano wa 2012. Wimbi la kilohezi 475 lina urefu wa mita 630. La kilohezi 137 ni karibu kilomita 2.2. Hakuna mti Garissa wa kubeba nusu ya hiyo. Koili inarudi, tena inarudi ikiwa kubwa kama ndoo, na mara nyingi ikiwa imefungwa juu ya ndoo hasa.

Kuna jambo la mpaka hapa ambalo mtu wa Garissa afaa alijue. Kanuni za ITU zinaruhusu wati 1 tu ya nguvu inayotoka hewani kwenye kilohezi 472, ikihesabiwa kana kwamba antena inasambaza sawasawa kila upande. Nchi inaweza kupandisha hadi wati 5 kwa maeneo yaliyo zaidi ya kilomita 800 kutoka kwenye mipaka ya mataifa kadhaa yaliyoorodheshwa, na Somalia imo katika orodha. Garissa haifiki hata kilomita 200 kutoka mpaka huo. Kwa hiyo ni wati 1, basi. Si nyingi, lakini kwa data za polepole, kama zile za mfumo wa WSPR uliobuniwa na Joe Taylor mwaka 2008, inatosha kusikika mbali usiku ambao radi za ikweta zimetulia.

Antena inayowezekana katika uwanja wa kawaida ni nguzo ya mita 12, waya ukipanda wima hadi juu kisha mita 30 za mlalo kama herufi T. Ule mlalo hautoi mawimbi mengi. Kazi yake ni kuongeza kapasitansi ili mkondo ujae kwenye sehemu ya wima. Nakadiria pikofaradi 250. Kwa kilohezi 475 koili inayohitajika ni mikrohenri 450. Fomula ya Harold Wheeler ya 1928, ambayo ingali nzuri kuliko programu nyingi za simu, inasema ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye kipenyo cha sentimita 28 itahitaji mizunguko 44 katika urefu wa sentimita 20. Ni kama mita 39 za waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, ule ule wa soketi za nyumba.

Ili wati 1 ya kisheria ipatikane, antena fupi ya wima inahitaji kutoa theluthi moja ya wati tu, kwa kuwa inaelekeza mawimbi mlalo na kuacha ardhi na utosi. Ukinzani wa kutoa mawimbi ni omu 0.4. Mkondo basi ni ampea 0.9 hivi. Koili ya Q 300 ina omu 4.5 na itapata wati 3.8 za joto. Ndoo haitahisi chochote. Lakini ardhi kavu, niliyoikadiria omu 40, itameza wati 34. Mtambo wa wati 40 unatosha, na theluthi ya wati inapaa.

Chukua nguzo ile ile na ndoo ile ile, ushuke hadi kilohezi 137. Sasa koili ni milihenri 5.4: zaidi ya mizunguko 180, waya wa mita 160. Ukinzani wa kutoa mawimbi umeporomoka hadi omu 0.033. Kupata theluthi ile ile ya wati unahitaji ampea 3.2. Koili ya Q 300 sasa ina omu 15 na ushee na inatoa wati 157 za joto. Ardhi, ikikadiriwa omu 60 kwa masafa haya, inakula 600. Jumla unalisha zaidi ya wati 760 ili itoke theluthi moja. Volti kwenye ncha ya juu ya koili ni 15,000, na kileleni mwa wimbi zinafika 21,000. Mbuzi akija kujikuna kwenye waya huo hatarudi, na mtoto vilevile. Ua wa seng'enge ni lazima, tena uwe mbali.

Wati 157 huingiaje kwenye waya wa shaba ambao kwa betri ungeonyesha chini ya omu 2? Umeme wa masafa ya juu hukwepa moyo wa waya na kukimbilia ngozi. Kwa kilohezi 137 ngozi hiyo ni milimita 0.18, kwa 475 ni chini ya 0.1. Shaba yote ya katikati ni pambo. Halafu mizunguko iliyobanana husukumana: uga wa sumaku wa jirani hulazimisha mkondo ukae upande mmoja wa waya, na ukinzani huongezeka mara mbili au tatu tena. Dawa ya kale ni waya wa Litz, nyuzi nyingi nyembamba zilizopakwa vanishi na kusokotwa pamoja kama ukili, ili kila uzi upate zamu yake ya kuwa nje. Dawa ya maskini ni kuacha nafasi ya unene wa waya kati ya mzunguko na mzunguko.

Kisha kuna hali ya hewa. Ukinzani wa shaba hupanda asilimia 0.39 kwa kila nyuzi, ingawa kwa masafa ya juu, ambapo ile ngozi nayo hunenepa, ni kama nusu ya hiyo. Koili iliyopimwa Q yake kwenye nyuzi 20, kisha ikafanya kazi kwenye nyuzi 70, imeshapoteza karibu asilimia 9 ya ubora kabla hatujataja vumbi. Nyuzi 70 si utani: kisanduku cha chuma juani Garissa hupita 55 bila wati hata moja ndani yake. Bomba la maji la PVC, ambalo mafundi wengi hulifungia koili kwa kuwa linapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, huanza kulegea karibu na nyuzi 80, na lenyewe hupata joto kutokana na uga wa umeme. Ndoo ya polipropilini hustahimili zaidi pande zote mbili. Ipake chokaa nje au iweke chini ya makuti, upepo upite.

Hapa ndipo mtu hujiuliza: kwa nini mita 160 za waya, wakati kiini cha feraiti kingetoa milihenri 5.4 kwa mizunguko michache inayoenea kiganjani? Swali zuri, na jibu lake limewagharimu wengi pesa.

Feraiti ni kauri ya oksidi ya chuma iliyochanganywa na manganizi au nikeli pamoja na zinki. Ndani yake mna maeneo madogo ya sumaku ambayo kila mzunguko wa wimbi huyalazimisha kugeuka kwenda na kurudi, mara 137,000 kwa sekunde, na kugeuka huko kuna msuguano. Kuna pia mikondo inayozunguka ndani ya kiini kama vizingia vya Mto Tana, ingawa kauri huibana sana. Kinachotisha ni jinsi hasara inavyokua: ukizidisha nguvu ya sumaku mara mbili, joto huzidi mara tano na nusu hivi. Na juu ya ncha fulani kiini hushiba. Kwa feraiti za kawaida ncha hiyo ni tesla 0.3 hadi 0.4 kikiwa na joto. Tia volti zetu 15,000 kwenye kiini chenye eneo la sentimita 5 za mraba na mizunguko 100, utapata karibu tesla 0.5. Kiini kimeshiba kabla hujamaliza kuita jina lako.

Hata kisiposhiba, kiini kikipata joto koili hubadilika thamani. Kwa kilohezi 137 antena yetu inakubali upana wa kilohezi 2 na kidogo. Koili ikihama asilimia 5, masafa yake yanahama kilohezi 3.4, mtambo unajikuta mbele ya ukuta, nguvu inarudi nyuma na transista zinakufa. Hewa haina tabia hizo. Kwenye koili ya antena, kiini kiwe hewa.

Feraiti ina mahali pake: kwenye transfoma ya kuoanisha mtambo na antena. Na hapo Garissa inaonyesha ukali wake. Chukua pete ya feraiti ya nguvu yenye kipenyo cha milimita 61. Wati 800 kwenye omu 50 ni volti 200. Ukiifunga mizunguko 10, kwa kilohezi 137 sumaku inafika tesla 0.21. Feraiti nzuri ya daraja la N87 hupoteza miliwati 375 kwa kila sentimita ya ujazo kwenye kilohezi 100 na tesla 0.2, kwa masafa yetu ni zaidi kwa nusu. Pete nzima itatoa kama wati 13 za joto, na eneo lake la sentimita 77 za mraba litapanda nyuzi 70 juu ya hewa iliyoizunguka. Katika banda la Ulaya lenye nyuzi 15, pete inakaa kwenye 85, raha mustarehe. Katika kisanduku cha Garissa chenye nyuzi 60, inafika 130. Feraiti hizi zimetengenezwa ili hasara yake iwe ndogo kabisa karibu na nyuzi 100; ukivuka hapo, joto huongeza hasara na hasara huongeza joto. Ukiwa umetumia ile aina ya 43 ya nikeli na zinki, inayouzwa sana kwa waendesha redio wa ridhaa, nyuzi 130 ndipo usumaku wake unapotoweka.

Tiba ni rahisi kiasi cha kuudhi. Funga mizunguko 20 badala ya 10. Sumaku inashuka nusu, wati 13 zinakuwa 2.3, na joto linapanda nyuzi 17 tu. Nimewahi kuona pete iliyopasuka vipande vitatu kwa sababu mwenyewe alifuata mchoro wa nchi baridi neno kwa neno, akaokoa sentimita 80 za waya.

Viini vya unga wa chuma, vile vyekundu na vya njano, vina ugonjwa tofauti. Chembe zake zimeshikamanishwa kwa gundi, na gundi ikipikwa miezi mingi huzeeka bila kurudi. Kiini huharibika polepole, bila kupasuka wala kutoa harufu, mpaka siku moja unashangaa kwa nini redio iliyokuwa nzima haisikiki.

Turudi kwa mlaji mkubwa. Katika hesabu zote tatu, za gari, 475 na 137, hata pale koili ilipochemka, mchanga ndio uliokula zaidi. Brown, Lewis na Epstein walionyesha mwaka 1937 huko Marekani kwamba kituo cha mawimbi ya kati kinataka nyaya 120 za shaba zilizofukiwa kuzunguka mnara. Vituo vya utangazaji vilifuata. Wewe hutafukia shaba kiasi hicho Garissa, na hata ukiifukia, wauza vyuma chakavu wana masikio. Serikali yenyewe ililazimika kusitisha biashara hiyo Januari 2022 baada ya minara ya umeme kuchezewa. Lakini nyaya 16 za mabati, kila moja mita 15, zikitandazwa juu ya mchanga na kuunganishwa chini ya nguzo, zinaweza kupunguza ile omu 40 hadi nusu. Kwa kilohezi 475 hizo ni wati 17 zilizookolewa kati ya 38. Kuongeza Q ya koili kutoka 300 hadi 600 kungeokoa chini ya 2. Mwenye shamba kando ya Tana, ambako udongo wa mafuriko hushika unyevu, ameanza mbele ya mwenzake wa mitaa mikavu ya Bula bila kufunga hata mzunguko mmoja.

Kilohezi 137 simshauri mtu wa Garissa: wati 760, volti 21,000 na ndoo inayoyeyuka kwa theluthi ya wati ni mahari kubwa mno. Kilohezi 475 ajaribu, akishapata idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Anunue ndoo moja, mita 39 za waya na mabati mengi, na pete ya feraiti aifunge mizunguko 20.